Joto la mabati: Je, karatasi kuukuu zaweza kuipoza nyumba yako?

Wakazi wa mji wa Garissa hawahitaji kuambiwa na mtu kwamba kuna joto. Mji wao umekaa kando ya Mto Tana, kimo cha mita 150 hivi tu juu ya bahari, na ikweta imepita umbali wa kilomita 50 hivi kutoka hapo. Mwaka mzima joto la mchana hufikia wastani wa digrii 34 au 35 za Selsiasi, na katika miezi ya Februari na Machi, kabla ya mvua za gu kuanza, hupita digrii 36. Usiku halishuki sana chini ya digrii 23 au 24. Vipimo hivyo, hata hivyo, huchukuliwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe cha wataalamu wa hali ya hewa chenye kupitisha upepo. Mtu aliyelala ndani ya chumba cha mabati kisicho na dari, pale Iftin au Bulla Punda, hana kisanduku hicho.

Kila mwaka kiangazi kikikolea, ushauri unaotolewa ni uleule: kunywa maji mengi, kaa kivulini, vaa nguo nyepesi. Ushauri huo ni mzuri. Lakini kivuli chenyewe kinapokuwa moto kuliko nje, mtu afanye nini? Makala haya yanahusu kitu kilicho juu ya kichwa chako, yaani paa, na jinsi nyuzi za mimea, zikiwemo zile zilizomo katika gazeti ulilolishika mkononi, zinavyoweza kulizuia joto lisiteremke ndani. Yanahusu pia hatari zake, maana zipo, na hazisemwi mara nyingi na wanaoisifia bidhaa hii.

Joto linaufanya nini mwili

Mwili wa binadamu hufanya kazi vyema ukiwa na joto la digrii 37. Ukizidiwa, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi ili ipozwe, na jasho hutoka ili likauke na kuondoka na joto. Hewa ya chumbani ikiwa na digrii 30, mwili hupoa bila taabu kubwa. Ikifika 35, ambacho ni kiasi cha joto la ngozi yenyewe, njia inayobaki ni jasho peke yake. Ndiyo sababu mtu hulowa shuka usiku kucha na kuamka amechoka kuliko alivyolala.

Kwa kijana mwenye afya, hayo ni maudhi tu. Kwa wengine ni ugonjwa. Mtoto mchanga hupata joto upesi kuliko mtu mzima, wala hawezi kuomba maji. Mzee hutoka jasho kidogo na mara nyingi hahisi kiu hata akiwa amekaukiwa. Mwenye ugonjwa wa moyo huongezewa kazi ya kusukuma damu ya ngozini. Figo huumia mtu anapokaukiwa maji siku baada ya siku. Tafiti za nchi nyingi zimehusisha joto kali na watoto kuzaliwa kabla ya wakati, jambo linalopasa kutiliwa maanani katika eneo ambalo mama wengi wajawazito hushinda jikoni, na jiko lenyewe liko chini ya bati.

Hali ya kuzidiwa kabisa na joto ni dharura. Mwili hupita digrii 40, mtu huanza kuchanganyikiwa, husema maneno yasiyoeleweka, huanguka, pengine hupata degedege. Ukiona hivyo mpeleke kivulini penye upepo, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na umpepee, huku gari la kumkimbiza hospitalini likitafutwa. Usimnyweshe kitu akiwa hana fahamu.

Kuna na dawa. Mgonjwa wa kisukari huambiwa kwamba chupa ya insulini aliyokwisha kuifungua inaweza kukaa nje ya friji kwa wiki nne hivi, mradi joto lisipite digrii 30 au hata 25, kutegemea aina. Ni chumba gani cha mabati mjini Garissa kisichopita digrii 30 mchana? Dawa iliyoharibiwa na joto huenda isibadilike sura, na mgonjwa huendelea kujidunga akidhani anajitibu.

Mjini Nairobi, ambako watu hawazungumzii joto sana, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu mitaa ya Kibera, Mathare na Mukuru ulionyesha kwamba joto katika mitaa hiyo lilikuwa kubwa kuliko lile lililopimwa katika kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti. Mabati, ukosefu wa miti na nyumba zilizobanana ni baadhi ya mambo yanayotajwa. Ikiwa Nairobi ni hivyo, msomaji wa Garissa, Wajir au Mandera anaweza kujipigia hesabu yake mwenyewe.

Pasi mbili darini

Bati tupu likipigwa na jua la saa saba mchana hupata moto wa digrii 60 hadi 70. Weka kiganja chako juu yake utajua. Joto hilo halikai huko juu. Huteremka kwa njia ileile ambayo jiko la makaa hukuchoma uso ingawa hewa iliyo kati yako na jiko si moto sana: linarushwa kama mwanga usioonekana. Ndiyo maana ndani ya nyumba ya mabati mtu huhisi utosi unawaka hata dirisha likiwa wazi, na ndiyo maana feni haimsaidii sana. Feni husukuma hewa tu. Mnururisho utokao juu inauacha upite. Tena hewa yenyewe ikipita digrii 40, feni hugeuka kuwa kipulizia moto.

Tufanye hesabu ndogo ya darasani. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina paa la mita 12 za mraba. Bati likiwa na digrii 65 na chumba kikiwa na digrii 33, joto linaloteremka ndani ni kiasi cha wati 2,000. Pasi ya umeme ya kawaida ni wati 1,000. Basi ni kama watu wameacha pasi mbili zikiwaka juu ya vichwa vya watoto waliolala. Sasa weka kati ya bati na chumba tabaka la nyuzi za karatasi lenye unene wa sentimita 10, yaani inchi 4. Hesabu ileile hushuka hadi wati 150 hivi, ambazo hazizidi joto linalotolewa na miili ya watu wawili walioketi wakipiga soga.

Kinachofanya kazi hiyo si karatasi hasa. Ni hewa. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana, na nyuzi zilizochambuliwa huishika hewa hiyo katika vijitundu vidogo mno hata isiweze kuzunguka. Sufi ya mto, manyoya ya kuku na blanketi hufanya vivyo hivyo.

Wazee walijua

Wanaodhani hili ni jambo la kigeni waende wakaitazame aqal, nyumba ya wafugaji wa Kisomali. Fito zilizopindwa kwa umbo la kuba hufunikwa kwa mikeka iliyofumwa kwa nyasi na nyuzi za magome ya miti. Wanaoifuma, kuijenga na kuibomoa ni wanawake, na nyumba nzima hupakiwa juu ya ngamia. Mkeka mnene wa nyuzi umejaa hewa. Jua huupiga upande wa nje, na upande wa ndani hubaki vuguvugu. Upepo hupenya pembeni. Halafu, kwa kuwa nyumba yote ni nyepesi, jua likitua nayo hupoa mara moja.

Hilo la kupoa usiku si dogo. Nyumba ya mawe mazito yenye bati juu hunywa joto kutwa nzima na kulitema ndani kuanzia magharibi hadi usiku wa manane, wakati ule ambao watu wanataka kulala. Waliohama kutoka aqal kwenda kwenye nyumba ya kupanga mjini walipata mlango wenye kufuli na ukuta usioingiza simba, lakini kwa usingizi walipata hasara. Kadhalika, makuti ya mikoma yanayoezekwa na jamii za kando ya Mto Tana yana unene na nyuzi, na ndani yake pana baridi ambayo bati haliijui.

Nyasi, makuti, magome, mbao, pamba na karatasi vyote vina asili moja. Kiini chake ni selulosi, dutu ambayo mmea huitumia kujenga kuta za chembe zake. Karatasi ya gazeti ni mti uliosagwa, ukatandazwa na kukaushwa.

Jinsi inavyotengenezwa

Katika nchi za baridi, hasa Marekani, Kanada na Ulaya, magazeti kuukuu hukusanywa, huchanwachanwa na mashine, kisha husagwa mpaka yakawa kama pamba ya kijivu. Humo hutiwa unga wa chumvi za boroni, yaani boraksi na asidi ya boriki. Karatasi huwa asilimia 80 hadi 85 ya uzito, na iliyobaki ni chumvi hizo. Kazi yake ni tatu: kuzuia moto usishike, kuzuia kuvu, na kuwafukuza wadudu. Pamba hiyo hupulizwa kwa bomba juu ya dari au ndani ya kuta zenye uwazi. Huko kwao inakusudiwa kuzuia joto la ndani lisitoke wakati wa theluji. Lakini kizuizi cha joto hakijui upande. Kinachozuia joto kutoka ndicho kinachozuia joto kuingia.

Kwa chumba chetu cha mita 12 za mraba, sentimita 10 za pamba hiyo ni kama kilo 36, ambazo ndani yake mna karibu kilo 30 za magazeti. Viwanda vya karatasi vya hapa Kenya hununua karatasi taka na kuzigeuza kuwa karatasi za chooni na maboksi, kwa hiyo malighafi inajulikana na waokota taka wanaijua bei yake. (Asomaye gazeti Garissa ana jambo moja zaidi la kuangalia. Kurasa za mwezi wa Ramadhani huwa na aya za Kurani, na hizo watu hawatazikubali zisagwe pamoja na nyingine. Yeyote atakayekusanya magazeti huko afanye kazi ya kuzichambua kwanza.)

Katika kuokoa mazingira, sifa ya bidhaa hii ni ya kweli. Kusaga karatasi hutumia nguvu kidogo sana kuliko kuyeyusha kioo ili kutengeneza sufi ya kioo, na karatasi isiyotumiwa huishia kuchomwa jalalani na kumrudia mkazi kama moshi kifuani.

Yasiyosemwa na wauzaji

Hapa ndipo kurasa za afya zinapopaswa kuwa kali. Karatasi ni kuni. Katika miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei na Wamarekani wakakimbilia kuziba nyumba zao, waliingia sokoni watengenezaji waliotia chumvi kidogo mno au walioichanganya vibaya, na hatari ya nyumba kuungua ikaonekana waziwazi. Mwaka 1978 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya dharura ya kuweka kiwango cha usalama kwa selulosi ya majumbani. Funzo kwa fundi wa Garissa ni kwamba kuchana magazeti na kuyajaza darini, bila chumvi iliyopimwa na kuchanganywa sawasawa, ni kuandaa tanuri. Waya mmoja wa umeme uliochunika ngozi unatosha.

Chumvi nazo zina neno lake. Asidi ya boriki ndiyo ule unga mweupe unaouzwa kuua mende, na watu huuona kama kitu kisicho na madhara. Umoja wa Ulaya umeiweka katika kundi la kemikali zinazoweza kudhuru uzazi zikiingia mwilini kwa wingi. Ikikaa juu ya dari iliyozibwa vizuri, haimfikii mtu. Inamfikia fundi anayepuliza pamba bila barakoa, mtoto anayechezea mfuko uliosahauliwa uani, na familia ambayo dari yake ina nyufa zinazodondosha vumbi juu ya sufuria. Mama mjamzito asiwepo nyumbani siku ya kazi hiyo, na nyumba ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji kabla hajarudi.

Ufaransa walijaribu kuikwepa boroni wakaangukia pabaya. Waliibadilisha kwa chumvi za amonia, na katika baadhi ya nyumba pamba ilipopata unyevu ikaanza kutoa gesi ya amonia yenye kuchoma macho na koo. Mwaka 2013 serikali yao ikaipiga marufuku selulosi ya namna hiyo. Kwa hiyo ukikutana na muuzaji anayekuambia bidhaa yake ni ya karatasi tu na haina kemikali yoyote, muulize inazuiaje moto. Akishindwa kujibu, ondoka.

Kuna na mambo ya hapa kwetu. Pamba ya selulosi ikilowa hushikana kama uji, hupoteza hewa yake na chumvi zake huoshwa. Garissa hupata mvua ya milimita 350 hivi tu kwa mwaka, jambo ambalo ni la heri kwa karatasi, lakini mvua hiyo ikija huja kwa kishindo, na bati lenye matundu ya misumari halisemi ukweli mpaka siku hiyo. Mafuriko ya El Nino ya mwaka 1997 na yale ya mwishoni mwa 2023 yaliwahamisha watu wengi kando ya Tana. Kwa sababu hiyo karatasi iwe juu darini, isiwe ndani ya ukuta ulio karibu na ardhi, ambako maji ya mto na mchwa wote watafika. Hata ikikaa kavu, hushuka kwa uzito wake na unene hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano, kwa hiyo anayetaka sentimita 10 aanze na zaidi ya 12.

Ahmedabad na Magoda

Walio na joto kama letu na mfuko kama wetu wamekwisha kujaribu njia nyingine. Katika jiji la Ahmedabad, India, wimbi la joto la Mei 2010 lilifuatwa na vifo 1,344 zaidi ya vile vya kawaida. Mwaka 2013 jiji hilo likaanzisha mpango wa kukabili joto, na baadaye likaongeza kazi ya kupaka mapaa ya maskini rangi nyeupe. Katika jiji hilohilo kampuni ya ReMaterials ilibuni vigae vikubwa vya paa vinavyotengenezwa kwa maboksi taka na nyuzi za mimea, vikapakwa kinga ya maji. Ni selulosi ileile, ila hapa imeshindiliwa ikawa paa lenyewe badala ya kuwekwa chini ya bati.

Karibu zaidi na kwetu, kijijini Magoda, wilaya ya Muheza mkoani Tanga, zilijengwa nyumba za mfano zenye kuta nyepesi zinazopitisha upepo na vyumba vya kulala vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Watafiti walikuta ndani yake pana baridi kuliko nyumba za kawaida za kijijini, na mbu walikuwa wachache. Nalitaja hili la mbu kwa makusudi. Mjini Garissa watu wengi hufunga madirisha usiku kwa kuogopa mbu na wezi, na nani atawalaumu? Homa ya Bonde la Ufa ililipuka katika eneo hilo mwaka 1997 na tena mwishoni mwa 2006. Lakini chumba kilichozibwa, hata kikiwa na karatasi ya inchi nane juu, huhifadhi joto la kutwa na pumzi za waliomo. Kizuizi cha darini humfaa mwenye dirisha lenye wavu wa nyaya, ambaye anaweza kuliacha wazi kuanzia magharibi. Kuna pia wanaotupa chandarua kwa sababu ya joto. Chumba kikipoa, chandarua hurudi kitandani.

Mwenye mfuko mdogo aanzie wapi

Pamba ya selulosi iliyokwisha kutiwa chumvi kiwandani si kitu ambacho mtu wa Garissa atakikuta kwa muuza vifaa vya ujenzi wa mtaani. Ndugu yake wa karibu, hata hivyo, anajulikana na kila fundi wa Kenya. Ni ubao mwororo wa dari, ule wanaouita softibodi, uliotengenezwa kwa nyuzi za mti zilizoshindiliwa bila kukandamizwa sana, ukabaki na hewa ndani. Mbao za aina hiyo zilianza kutengenezwa kwa makapi ya miwa huko Louisiana, Marekani, katika miaka ya 1920. Unene wake wa nusu inchi hauwezi kushindana na sentimita 10 za pamba, ila unakata ule mnururisho wa bati, na hapo tayari sehemu kubwa ya mateso imeondoka. Nao pia hushika moto, kwa hiyo nyaya zipitishwe ndani ya mabomba yake na jiko lisikae chini yake.

Kabla ya dari, kuna rangi. Rangi nyeupe ya mabati, ikipakwa juu ya paa lililosuguliwa likatoka kutu na vumbi, hurudisha juani sehemu kubwa ya mwanga. Ni kazi ya siku moja na haihitaji kubomoa chochote. Bati kuukuu lenye kutu ndilo linalofaidika zaidi, maana rangi yake ya kahawia hunywa jua lote. Chokaa ni rahisi zaidi, na Wajir mji wenyewe umekaa juu ya mawe ya chokaa, lakini haishiki vizuri kwenye bati na mvua moja huisafisha. Chokaa iachiwe kuta. Vumbi la Garissa ni jekundu na halina adabu, kwa hiyo paa jeupe litahitaji kufagiwa mara kwa mara, hasa kabla ya Februari.

Baada ya rangi ni upepo wa darini. Acha matundu yenye wavu pande mbili za paa, juu ya dari, ili hewa moto iliyonaswa chini ya bati itoke. Wavu usisahauliwe, la sivyo popo watahamia, na kinyesi cha popo darini ni balaa jingine la afya.

Mpangaji ana shida yake, kwani hataki kumtengenezea mwenye nyumba kwa fedha zake. Anaweza kutundika mkeka mnene wa kienyeji au turubai jeupe chini ya bati, likiwa limeachana na bati kwa shubiri moja au zaidi, mbali na taa na jiko, na atalibeba atakapohama. Ni werevu uleule wa aqal.

Mambo mawili yaepukwe kabisa. La kwanza ni maboksi. Watu wengi wa miji yetu huzungushia kuta za mabati maboksi ya biskuti na sabuni. Ni kweli yanapunguza joto, lakini hayana kinga ya moto, kunguni na mende hujaa humo, na taa ya koroboi ikianguka familia haina muda wa kutoka. La pili ni asbestosi. Baadhi ya nyumba kuukuu, hasa za zamani za serikali, zina mapaa ya asbestosi, ambayo ni baridi kuliko bati na kwa hiyo watu huyapenda. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006 kwa sababu nyuzi zake huleta kansa ya mapafu na ya utando wa kifua. Vipande vyake visiokotwe kuezekea choo au kuwekwa darini kama kizuia joto, na paa zima lisivunjwe wala kukatwa msumeno na fundi wa kawaida. Kuna wakandarasi wenye kibali kutoka shirika la mazingira, NEMA, wa kuliondoa.

Anayetaka kujua kama fedha zake zimefanya kazi anunue kipimajoto cha ukutani na kukitundika katikati ya chumba, kimo cha kitanda. Aandike kinachosoma saa tisa mchana na tena saa nne usiku, kwa wiki moja kabla ya kazi na wiki moja baada yake. Cha usiku ndicho cha kuangaliwa zaidi. Ikiwa mchana kumepungua na usiku hakujapungua, tatizo lililobaki haliko kwenye paa. Liko dirishani.